Historia ya Wali kwa Maharagwe

Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima ya Musoma, Bunda na Butiama

Maneno haya yamepigwa chapa ili apate kuyasoma hata yule ambaye hakuwapo saa ya kipindi. Kwa hiyo wewe usomaye, soma polepole, kwa sauti kama upendavyo. Ukikwama katika neno moja, liruke, maliza sentensi, kisha rudi ulitazame tena.

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno matatu: mpunga, mchele, wali. Ni kitu kimoja chenye majina matatu. Mpunga ni ule wa shambani, na punje yake ikiwa bado na ganda. Ukikobolewa huwa mchele. Ukiiva huwa wali. Sasa andika neno la nne: maharagwe. Wengi wetu huku twasema maharage. Ni neno lilo hilo. Maharagwe shambani ni maharagwe, gulioni ni maharagwe, na sahanini ni maharagwe vilevile. Leo tutaona jinsi vitu hivi viwili vilivyokutana katika sahani moja hapa Mara, na kwa nini chakula hiki huitwa chakula cha bei nafuu.

Nitawaambieni kilichonifanya nichague somo hili. Siku moja nilikuwa nikitembelea darasa la jioni upande wa Bunda. Nusu saa kabla ya kumaliza, mama mmoja aliinuka, akafunga daftari lake, akaaga. Mwalimu alimwuliza mbona anatoka mapema kila mara. Akajibu, "Mwalimu, maharagwe yako motoni, na mtoto niliyemwachia hajui kuongeza maji." Watu walicheka, naye akacheka. Lakini katika daftari la mahudhurio niliona kwamba hakuwa peke yake. Nilihesabu majina ya wanawake wanaotoka kabla ya wakati, nikaona kwamba adui wa darasa lile si uvivu. Ni chungu cha maharagwe.

Tuanze na mpunga. Katika Afrika ya Magharibi, kando ya mto Niger, wana mpunga wao wa asili. Lakini huu tuulimao sisi ulitoka Asia, ukavuka bahari kwa majahazi. Wachimbuaji wa mambo ya kale wamepata punje za mchele Unguja Ukuu na katika kisiwa cha Pemba, zenye umri wa miaka zaidi ya elfu moja. Punje hizo zilikuwa zimeungua. Punje nzima ikifukiwa udongoni huoza, bali iliyoungua hugeuka mkaa na kudumu. Yaani ni mpishi fulani aliyeunguza chakula chake zamani hizo ndiye aliyetuachia habari. Basi siku ukiunguza wali, usihuzunike kupita kiasi. Katika machimbo ya namna hiyo zilionekana pia choroko, ambazo nazo ni mbegu za Bara Hindi. Kumbe wali na jamaa ya maharagwe walianza urafiki wao pwani yetu zamani sana.

Mwaka 1331 msafiri wa Moroko aitwaye Ibn Battuta alifika Mogadishu. Aliandika kwamba alikaribishwa wali uliopikwa kwa samli, katika sahani kubwa ya mti, pamoja na vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Alipofika Mombasa aliona watu wakila ndizi na samaki. Maharagwe hakuyataja, wala asingeweza kuyataja, kwa kuwa siku zile hapakuwa na punje moja ya maharagwe katika Afrika nzima.

Maharagwe ni wageni kutoka upande wa pili. Wa kwanza kuyalima walikuwa wenyeji wa Meksiko na wa milima ya Andes, huko Amerika, maelfu ya miaka iliyopita. Wazungu walifika Amerika mwaka 1492. Mwaka 1498 Mreno Vasco da Gama alipita Mombasa na Malindi akienda Bara Hindi, na baada yake merikebu za Wareno zikawa zikipita huku na huko, zikileta mbegu za Amerika: mahindi, muhogo, maharagwe. Wareno walituachia na maneno pia, kama meza, leso, bendera na gereza. Ngome yao kubwa ya Mombasa, Fort Jesus, ilianza kujengwa mwaka 1593. Ngome tungeweza kuishi bila yake. Maharagwe, sina hakika.

Lakini msidhani kwamba wazee wetu walikaa tu wakiyangoja. Walikuwa na kunde na njugu mawe, mbegu za Afrika yenyewe. Na kunde nazo zilisafiri. Watu waliochukuliwa utumwani kutoka Afrika ya Magharibi walifika Marekani, na kunde zikafika pamoja nao katika merikebu zile za mateso. Hata leo katika majimbo ya kusini ya Marekani watu hupika wali na kunde siku ya Mwaka Mpya. Bahari ilizipeleka kunde kule, ikatuletea maharagwe huku.

Maharagwe yaliingia bara kwa mkono wa mkulima kumpa jirani yake. Hupenda ubaridi wa milima, na kwa hiyo yalistawi upesi katika nchi za migomba magharibi ya Ziwa letu. Kwetu Mara yalipata makao mazuri katika milima ya Tarime. Ukiona gunia la maharagwe katika soko la Musoma, uliza lilikotoka. Mara nyingi utaambiwa Tarime.

Mpunga ulifika upande wetu kwa njia ya misafara. Waarabu na Waswahili wa pwani walikuwa na makao Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo, na kwa kuwa walizoea wali waliulima mpunga kule. Mwingereza Burton na mwenzake Speke walifika hapo mwaka 1857. Mwaka uliofuata Speke alikwenda kaskazini akaliona Ziwa, na ghuba iliyo mbele ya Bunda ina jina lake mpaka leo. Katika karne hiyo ya 19 mpunga ulipanda mpaka Usukumani, ukakuta mbuga za udongo mweusi unaoshika maji. Wasukuma wakajenga majaruba, yaani vipande vya shamba vilivyozungukwa na matuta ya kuzuia maji. Toka Magu mpaka Bunda si mbali. Leo ukishuka kutoka Bunda kuelekea Ghuba ya Speke wakati wa mvua utayaona majaruba kwa macho yako, na watu wameinama magoti majini.

Hata hivyo kwa miaka mingi wali haukuwa chakula cha kila siku. Butiama ya utoto wa Mwalimu Nyerere, aliyezaliwa mwaka 1922, ilikuwa nchi ya mtama na ulezi. Reli ya Mombasa ilikuwa imefika Kisumu mwaka 1901, na meli zikaanza kuzunguka bandari za Ziwa. Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928. Gunia la mchele likaonekana madukani Musoma. Lakini wali ulikuwa wa Krismasi, wa Idi, na wa arusi. Waulizeni wazee wenu kama nasema uongo. Mtoto alihesabu siku kwa vidole akiungoja.

Maharagwe yalishika njia nyingine: yalikuwa chakula cha kazi. Gunia la maharagwe makavu halivundi upesi, huchukulika mbali, na hupimika kwa kibaba. Kwa hiyo kila aliyetaka kulisha watu wengi kwa gharama ndogo aliyakimbilia. Hapa nawaomba msikilize kwa makini, maana tunakuja katika jambo la huzuni.

Katika Vita Vikuu vya Kwanza, mwaka 1914 mpaka 1918, nchi yetu ilikuwa mikononi mwa Wajerumani, na Waingereza wakaja kuitwaa. Mwanza waliishika mwezi Julai 1916. Barabara zilikuwa chache, na mbung'o waliua wanyama wa mizigo, basi mizigo ya vita ikachukuliwa vichwani mwa watu. Waingereza waliandikisha wapagazi mamia ya maelfu. Jeshi hilo la wapagazi kwa Kiingereza liliitwa Carrier Corps. Watu wakalitamka Kariakoo, na ndiyo asili ya jina la soko la Kariakoo kule Dar es Salaam. Makumi ya maelfu ya wapagazi hao hawakurudi kwao. Waliouawa kwa risasi ni wachache. Wengi waliuawa na maradhi, na kuhara damu kulikuwa mbele katika maradhi hayo.

Posho yao ilikuwa unga wa mahindi, maharagwe, na mchele ulipopatikana. Hebu mfikirie mtu aliyebeba mzigo kutwa nzima. Anafika kambini jioni, mvua inanyesha, kuni ni mbichi, chungu ni kimoja kwa watu wengi, na alfajiri lazima aondoke. Maharagwe yanataka saa tatu za moto. Yeye ana saa moja ya moshi. Alikula yakiwa nusu mabichi, na unga haujaiva. Madaktari wa jeshi wenyewe waliona kwamba chakula kisichoiva kiliharibu matumbo ya watu wale na kuwafungulia mlango maradhi. Katika hesabu za jeshi, posho ilikuwa imetolewa. Kibaba kilikuwa kimepimwa. Kilichosahauliwa kupimwa ni kuni na muda.

Yatupasa kuelewa sababu. Maharagwe, hasa mekundu, yana sumu yake ya asili. Maji yakichemka kwa nguvu, yakitokota, sumu hiyo huvunjika. Yakiwa ya uvuguvugu tu haivunjiki, na mlaji aweza kutapika na kuharisha baada ya saa chache. Mimi najua kwa tumbo langu. Nilipokuwa kidato cha pili katika shule moja ya bweni, ambayo sitaitaja jina, kuni zililowa kwa mvua, na mpishi akaona aibu kutuchelewesha. Tulipewa maharagwe yanayolia meno. Usiku ule bweni zima halikulala, na vyoo vilikuwa vinne tu. Kwa miaka mingi baadaye nilisema kwamba maharagwe ni chakula kibaya, chakula cha wafungwa na wanafunzi. Nilikuwa nayasingizia, mwenye kosa alikuwa kuni mbichi na haraka.

Baada ya vita hiyo, desturi ya posho iliendelea katika Tanganyika. Katika miaka ya 1930 wilaya ya Musoma ilikuwa na machimbo ya dhahabu, Buhemba na Kiabakari miongoni mwayo, na kazi za namna hiyo kote nchini zilikwenda kwa posho ya unga, maharagwe na chumvi. Nadhani ndipo maharagwe yalipoanza kudharauliwa. Mtu hupenda chakula alichokichagua, si kile alichopimiwa na msimamizi.

Sasa tugeukie upande wa wali, maana nao una kisa chake. Zamani mpunga ulitwangwa kinuni, ukapepetwa kwa ungo, na mchele ulibaki na ngozi yake nyembamba. Mashine zilipokuja zilikoboa mpaka mchele ukang'aa. Kila mtu aliupenda mchele mweupe. Lakini katika kisiwa cha Java, huko Asia, watu waliokula mchele mweupe peke yake walipatwa na ugonjwa wa miguu kufa ganzi na moyo kudhoofika, uitwao beriberi. Daktari Mholanzi, Christiaan Eijkman, katika miaka ya 1890 aliona kuku waliolishwa mchele mweupe wakiugua vivyo hivyo, na wakipona walipopewa mchele wenye ngozi yake. Kwa kazi hiyo alipewa nishani ya Nobel mwaka 1929. Mwenzake, Gerrit Grijns, mwaka 1901 alionyesha kwamba choroko nazo zilizuia ugonjwa huo. Zile choroko zilizofuatana na mchele katika majahazi zamani zilikuwa na kazi yake.

Wataalamu wa siku hizi wametuongezea maarifa. Walimu wa zamani waligawa vyakula mafungu matatu: vya kutia nguvu, vya kujenga mwili, na vya kulinda mwili. Wali ni wa kutia nguvu, maharagwe ni ya kujenga mwili. Ila kuna jambo zaidi ya hilo. Ujenzi wa mwili unahitaji vitu vya namna mbalimbali, kama nyumba inavyohitaji nguzo na fito. Maharagwe yana nguzo nyingi na fito chache; nafaka ina fito za kutosha na nguzo chache. Vikiliwa pamoja, nyumba husimama. Ndiyo maana makande ya mahindi na maharagwe nayo ni chakula kizuri.

Kama mwaona habari za Java ni za mbali, nitawapeni za hapahapa. Katika ukame wa mwaka 1984 na 1985, katika wilaya ya Tarime ya mkoa wetu, watu, wengi wao wanawake na watoto, walipooza miguu ghafula. Mtu alilala mzima, akaamka miguu imekakamaa. Na hali hiyo haiponi. Ugonjwa huo huitwa konzo, jina lililotoka Kongo, ambako uliandikwa na madaktari mwaka 1938. Wataalamu waliokuja Tarime waliona chanzo chake. Nafaka ilikufa kwa jua, ukabaki muhogo mchungu, ambao una sumu na huhitaji siku nyingi za kuvundikwa na kuanikwa. Kwa njaa watu waliharakisha. Tena waliula mtupu, bila kitoweo cha maana, na mwili usiopata vyakula vya kujenga hukosa silaha ya kuishinda sumu ile. Mwaona basi: mama wa Tarime aliyeharakisha muhogo mwaka 1985 na mpagazi aliyeharakisha maharagwe mwaka 1917 waliumizwa na jambo moja.

Kwa hiyo nikisikia mtu akisema wali kwa maharagwe ni chakula rahisi, humwuliza: rahisi kwa nani? Dukani ni kweli. Bei ya kitoweo cha nyama yaweza kununua maharagwe ya siku kadhaa. Lakini bei iliyopunguzwa dukani hulipwa jikoni, kwa maji, kwa mkaa au kuni, na kwa saa za mama. Na kuni hizo zina bei yake hata kama huzinunui. Tazameni vilima vinavyoizunguka Musoma, muwaulize wazee kama zamani vilikuwa na miti mingapi.

Mkoa huu una historia yake katika mambo haya ya kujifunza. Kati ya mwaka 1968 na 1972, Serikali pamoja na UNESCO waliendesha mradi wa kufundisha watu wazima kusoma kwa njia ya kazi zao, katika mikoa minne ya Ziwa: Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ambao sasa ni Kagera. Watu walijifunza herufi kwa habari za pamba, uvuvi, ndizi na mambo ya nyumbani. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Na mwaka 1975 kampeni ya redio iitwayo Chakula ni Uhai iliwakusanya watu katika vikundi kote nchini, wakaketi kuizunguka redio kama mketivyo ninyi. Mmekalia benchi walilokalia bibi na babu zenu.

Haya, tuingie jikoni. Tuseme mna watu sita. Chukueni mchele vikombe vitatu na maharagwe kikombe kimoja na nusu. Mchele si lazima uwe wa daraja la kwanza. Chenga hushibisha vilevile, na bei yake ni ndogo. Ila chambua vizuri, mawe ni mengi. Katika maharagwe msiangalie bei peke yake. Maharagwe makongwe, yaliyokaa ghalani mwaka mzima penye joto, huuzwa kwa bei ya chini, lakini yatakula mkaa wako mpaka ushangae. Rahisi huishia kuwa ghali. Kabla ya kununua mengi, nunua kiganja kimoja, hesabu punje ishirini, ziloweke usiku kucha. Asubuhi hesabu zilizokataa kuvimba. Zikiwa moja au mbili, nunua. Zikiwa kumi, mwachie mwenyewe. Hili ni zoezi zuri la hesabu pia, mwalimu.

Usiku yaloweke maharagwe katika maji mengi, na asubuhi yamwage maji hayo, kwani yanachukua sehemu ya ile gesi inayosumbua tumbo. Yabandike kwa maji mapya. Yachemke kwa nguvu, yatokote kabisa, kwa nusu saa nzima bila kuyaonea huruma. Wengine hutia magadi ili yalainike upesi. Ni kweli hulainika, na wazee walijua hivyo muda mrefu. Lakini magadi mengi huua sehemu ya vitu vya kulinda mwili na kuacha ladha ya sabuni. Ukiyatia, yawe ya ncha ya kidole. Nyanya usizitie mapema. Uchachu hukaza ganda la maharagwe, na mtu aliyeanza na nyanya atalala njaa.

Yakisha kuiva, kaanga kitunguu mpaka kiwe rangi ya kahawia, ongeza kitunguu saumu kama unacho, kisha nyanya, chumvi, halafu maharagwe pamoja na mchuzi wake. Chukua upawa mmoja wa maharagwe uyaponde, uyarudishe. Mchuzi utakuwa mzito. Watu wa pwani hutia tui la nazi. Huku nazi ni ghali, nami sioni haja ya kuililia. Karanga zilizosagwa, vijiko viwili, hufanya kazi nzuri sana, na mafuta ya pamba yapo. Ukiwa na dagaa wa Ziwa, kiganja kimoja kilichokaangwa juu yake ni cha mfalme. Na limau likamuliwe mezani, au mboga mbichi iwepo: huusaidia mwili kuichukua chuma iliyomo katika maharagwe. Chai ingoje. Chai ikinywewa pamoja na chakula huizuia chuma hiyo.

Wali wenyewe mnaujua, sitawafundisha akina mama kupika wali. Nasema neno moja tu: maji yakikaribia kukauka, punguza moto chini, weka makaa machache juu ya mfuniko. Hiyo kupalia makaa ni busara ya zamani, na ni njia ya kutumia moto uleule mara mbili.

Sasa nirudi kwa mama yule wa Bunda. Siku hizi ipo sufuria ya presha ya umeme, inayoivisha maharagwe kwa muda mfupi na kwa umeme mdogo, na mwezi Mei 2024 Serikali ilizindua mkakati wa kwamba ifikapo mwaka 2034 watu 80 katika kila 100 wawe wakipikia nishati safi. Mwenye nafasi ainunue. Lakini wewe usiye nayo leo unaweza kutengeneza kapu la joto. Nenda kwenye mashine ya kukoboa mpunga, uombe pumba. Bunda ni milima na milima ya pumba, nazo mara nyingi hutupwa au huchomwa tu. Zijaze katika mifuko ya nguo kuukuu. Chukua kapu kubwa au tenga, panga mifuko hiyo chini na pembeni, uache shimo la kutosha sufuria. Mfuko mmoja uwe wa kufunika juu. Maharagwe yaliyolowekwa na kuchemka kwa nguvu ile nusu saa, yakiwa bado yanatokota, yafunike barabara na uyatumbukize katika kapu, ufunike. Usifunuefunue. Joto halina pa kutokea. Maharagwe huendelea kuiva yenyewe kwa saa tatu au nne bila moto. Ukiyatoa, yabandike tena yachemke kabla ya kuyaunga. Ile nusu saa ya mwanzo usiipunguze hata dakika moja, kwa sababu mliyokwisha kuisikia.

Mama yule nilimweleza habari ya kapu. Alinitazama kama mtu anayeambiwa kwamba ng'ombe atajikamua. Hana kosa, nami nilipoambiwa mara ya kwanza sikuamini.

Basi kazi ya juma lijalo ni hii. Kila darasa litengeneze kapu moja. Siku ya kipindi, mmoja wenu alete sufuria ya maharagwe yaliyolowekwa, yachemshwe nje ya darasa mapema alasiri kwa nusu saa ya saa, si ya kukisia, kisha yatiwe kapuni kabla ya kuanza kusoma. Andikeni ubaoni saa yalipoingia. Mkikaribia mwisho wa masomo, andikeni saa yalipotoka, muonje, kisha yachemke tena. Aandike mama aliyezoea kutoka mapema. Mwenye mchele na alete kikombe kimoja.